Duara la Mosta

Ukitajwa mji wa Mosta, ulio katikati ya kisiwa cha Malta, wengi hukimbilia kisa cha bomu. Tarehe 9 Aprili 1942 ndege ya Kijerumani iliangusha bomu lililotoboa kuba la kanisa la parokia, likafika sakafuni walipokuwa waumini zaidi ya 200 wakingoja ibada, na lisilipuke. Wenye imani husema ni muujiza, wajuzi wa silaha husema ni hitilafu ya kiwashio. Ubishi huo tuwaachie wenyewe. Kwa mpenda majengo swali ni jingine: kuba la mawe lililotobolewa vile, mbona halikuporomoka? Jibu limo katika umbo la duara, lile lile lililoshutumiwa tangu mwanzo kuwa ni majivuno ya kuiga Roma.

Ramani ilichorwa na Giorgio Grognet de Vassé, aliyejifundisha usanifu mwenyewe, na ambaye mawazo yake mengine yalipaa mno: aliamini Malta ni kipande kilichosalia cha Atlantis. Mfano wake ulikuwa Pantheon, hekalu la Warumi wa kale. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1833, enzi ambayo wasanifu wa Ulaya walikuwa wamezirudia nguzo za Ugiriki na Roma, mtindo tunaouita uklasiki mpya. Askofu Francesco Saverio Caruana hakuridhika. Hakutaka kanisa lenye umbo la hekalu la wapagani. Shaka yake inaeleweka, lakini Pantheon yenyewe ilikwisha kuwa kanisa tangu mwaka 609. Ikiwa Roma iliweza kusali ndani ya duara kwa zaidi ya miaka 1,200, ni vigumu kuona Mosta ingekosea wapi.

Tena Mosta ilikuwa na haja yake. Palikuwa na kanisa la zamani, na waumini walihitaji mahali pa kusalia wakati ujenzi ukiendelea. Ukuta wa duara ulijengwa kulizunguka kanisa hilo, misa zikaendelea ndani yake, na halikubomolewa hadi mwaka 1860, jengo jipya lilipokuwa limesimama. Haja ya pili ilikuwa mbao. Kisiwa hakina misitu, na kuba la upana wa takriban mita 37 kwa ndani lingemeza mirunda isiyohesabika. Fundi mkuu Angelo Gatt alilipandisha bila kulitegemeza kwa jukwaa kutoka chini. Jambo hilo linawezekana kwa sababu kuba hujengwa pete juu ya pete: kila pete ikishafungwa, mawe yake hubanana na kujishikilia, yakaisubiri inayofuata. Msukumo wa kuelekea nje hupokelewa na kuta zenye unene wa mita tisa hivi, na ndani ya unene huo vimechongwa vyumba vya altare, kwa hiyo hata uzito umepewa kazi ya ibada.

Hapo ndipo tundu la mwaka 1942 linapoeleweka. Katika dari la boriti, kipande kimoja kikivunjika kinaweza kuburuta vingine. Katika kuba, mzigo una njia nyingi za kuteremkia, nao hupita kandokando ya pengo. Pantheon imeishi na tundu la makusudi kileleni kwa karne nyingi kwa kanuni hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba uimara hautoshi, kwa kuwa kanisa ni la kusalia kwanza. Ni kweli duara humvuta mtu kusimama katikati, ilhali altare kuu iko pembeni, na kuba la mawe huirudisha sauti ya mhubiri hadi maneno yakapandana. Kasoro hizo sizikatai, ingawa aliyeketi popote katika duara hafichwi altare na nguzo, kama inavyotokea katika makanisa marefu. Kwangu udhaifu mkubwa zaidi uko nje. Minara miwili ya kengele, ambayo parokia isingeweza kuikosa, imebandikwa ubavuni mwa baraza la nguzo kana kwamba ilichorwa siku nyingine. Ukiitazama kutoka barabarani inashindania macho yako na kuba, na mara nyingi inashinda.