Je, Wajua? Tarakimu Moja Inayoilinda /tmp

Je, wajua kwamba faili usiloruhusiwa hata kulisoma unaweza kulifuta? Kwenye Linux na jamaa zake wa ukoo wa Unix, kufuta hakutegemei ruhusa za faili lenyewe, bali ruhusa ya kuandika kwenye saraka lilimo. Na /tmp ni saraka ya wote: karibu kila programu huweka humo vitu vyake vya muda.

Je, wajua kinachozuia fujo humo? Tarakimu 1. Pita kwenye kioski cha maji hapa mtaani Galbet asubuhi. Mitungi ya manjano imepangwa foleni, na wenye mingine wamerudi nyumbani kuteleka chai. Yeyote aweza kuongeza wake. Wa kuuondoa ni mwenyewe au mwenye kioski. Ruhusa 1777 ya /tmp ni hivyo hivyo: saba tatu zinamkaribisha kila mtu, ile 1 inalinda mali ya kila mtu.

Je, wajua kwa nini amri ya chmod 777 /tmp si dawa? Inaifuta ile 1. Lugha ya programu ya Ruby, kwa mfano, ikikuta /tmp ya namna hiyo hutoa onyo na kukataa kuitumia, na ina haki kabisa. Kwenye kompyuta ya saiba inayotumiwa na wengi, kosa hilo linamweka kila mteja hatarini.

Andika ls -ld /tmp. Utakachotaka kuona ni drwxrwxrwt. Mwisho ukiwa x badala ya t, tarakimu imepotea. Ukiwa T kubwa, watumiaji wa kawaida wamefungiwa mlango. Hali zote mbili hutibiwa na sudo chmod 1777 /tmp.

Je, wajua alama hiyo ya t ilianza na kazi nyingine, miaka ya 1970, ya kuharakisha kufunguka kwa programu? Ulinzi wa saraka ulikuja na toleo la Unix liitwalo 4.3BSD, 1986.

Ruhusa ziko sawa na bado unakataliwa? Tazama ls -l /tmp, safu ya tatu. Mara nyingi ni faili lililoachwa na programu iliyoendeshwa kwa sudo, mmiliki root. Hakikisha halitumiki, kisha lifute kwa sudo, hilo peke yake.

Je, wajua kwamba kwenye Linux za Fedora tangu 2013, na Debian tangu toleo la 13 la 2025, /tmp hukaa kwenye RAM? Stima ikipotea, vyote vimekwenda. Tafadhali, mwanafunzi, usihifadhi humo tasnifu yako. Hata /var/tmp, isiyofutwa kompyuta ikizimwa, ni ya muda tu.