Mpiga gitaa ndani ya boksi la maembe

Boksi ni la maembe. Maandishi ya ubavuni yanatangaza kwamba yaliyomo yameiva barabara. Limesimamishwa wima jukwaani, pembeni ya mpiga ngoma na mpiga gitaa la besi, na ndani yake amejibana mwanafunzi wa kike wa sekondari, amekumbatia gitaa la umeme. Muziki unaanza. Wasikilizaji wachache waliofika katika ukumbi mdogo wa STARRY, mtaa wa Shimokitazawa jijini Tokyo, wanalitumbulia macho boksi linalopiga gitaa.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya Bocchi the Rock!, anime ya studio ya CloverWorks iliyoongozwa na Keiichirō Saitō na kurushwa Japani kuanzia Oktoba hadi Desemba 2022. Imetokana na manga ya Aki Hamaji. Nilicheka, kama walivyocheka wengi. Kisha kitu kikaanza kunisumbua: boksi lile lilikuwa na ukweli mwingi mno kwa kichekesho cha dakika mbili.

Aliyemo ndani ni Hitori Gotoh. Kwa miaka mitatu amekuwa akijifungia kabatini kwao, anapiga gitaa saa sita kwa siku, anajirekodi na kuweka video mtandaoni kwa jina la guitarhero. Huko ana mashabiki wengi wanaomsifu. Ndani ya boksi, hata hivyo, anapiga ovyo. Vidole vyake ni vilevile na nyimbo anazijua. Tatizo ni kwamba hajawahi kupiga na mtu mwingine. Bendi huenda kwa macho: mpiga ngoma anakuinulia kichwa, wa besi anakutupia jicho, nawe unajua pa kuingia. Hitori anakimbia mbele, anawaacha wenzake nyuma. Boksi lililomkinga na macho ya wasikilizaji limemkinga pia na macho ya wale wawili aliowahitaji.

Mwandishi aliyewahi kumwona mtu anayeogopa watu kwa mbali tu angemfanya ashindwe kwa kutetemeka. Hamaji alijua zaidi.

Nilipotafuta wa kunieleza hofu hiyo, niliishia kwa daktari aliyefariki mwaka 1938. Masatake Morita, mzaliwa wa Kochi mwaka 1874, alikuwa akiwatibu nyumbani kwake Tokyo watu ambao Hitori angewatambua mara moja: wanaogeuka wekundu usoni mbele za watu, wasioweza kumtazama mtu machoni, wanaoamini kwamba kuwapo kwao tu kunawakera wengine. Hofu hiyo ya mwisho, ya kuwaudhi watu kwa sura au jicho lako, matabibu wa Japani wameichambua kwa kina. Nayo ndiyo ya Hitori. Kuchekwa kunamtisha, ila kuwa mzigo kwa wenzake kunamtisha zaidi.

Morita hakuyajua mambo haya kwa kusoma tu. Utotoni picha za jehanamu alizoziona hekaluni zilimjaza hofu ya kifo. Alipokuwa akisomea udaktari, mwili na fikra vilimsumbua hadi masomo yakamshinda. Siku baba yake alipochelewa kumtumia fedha, alikasirika, akatupa dawa zote, akazama vitabuni liwalo na liwe. Mtihani akafaulu, na dalili zikapungua. Tiba aliyoijenga ikakomaa mnamo 1919: mgonjwa analazwa peke yake kama wiki moja, bila kitabu wala mazungumzo, mpaka kitanda kimchoshe, anapewa kazi nyepesi, kisha nzito, halafu anarudishwa kwa watu.

Alifundisha kwamba hofu ya watu ni maumbile, na huzaliwa na ile ile hamu ya kuishi vizuri. Kinachomwangusha mtu ni vita ya kuifukuza. Unapousikiliza moyo wako unadunda zaidi. Unapodunda zaidi, unazidi kuusikiliza. Iache hofu ilipo, shika ufagio, fagia.

Mzunguko huo wa moyo na sikio ndio wachoraji wa CloverWorks wameuweka kwenye uso wa Hitori. Mtu anamwuliza swali dogo tu, na macho yake yanahama mahali pake, rangi zinavurugika, mwili unayeyuka. Wakati mwingine mchoro unaachwa kabisa, tunaonyeshwa picha halisi za kamera. Wapo watakaosema huo ni utani uliopitiliza. Mimi naona ndiyo sehemu iliyo sahihi kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kasi. Swali halijamalizika, naye ameshaishi fedheha ya miaka kumi ijayo.

Linganisha na anime ya Komi Can't Communicate ya 2021. Ile picha ya Komi na mwanafunzi mwenzake Tadano wakizungumza kwa chaki mpaka ubao ukajaa ni nzuri, sikatai. Lakini Komi ni mrembo, na shule nzima inauchukulia ukimya wake kuwa utukufu. Ni wangapi wananyamaza wakapewa heshima hiyo?

Katika sehemu ya sita ya Bocchi, Hitori anakutana na mpiga besi mlevi, Kikuri Hiroi, wanapiga pamoja barabarani karibu na kwao. Hitori anaanza na macho yaliyofumbwa. Polepole anatambua kwamba waliosimama mbele yake hawakuja kumshambulia, anayafumbua. Hofu haijaondoka, mikono inafanya kazi ikiwa nayo. Morita angelikaa kimya akatikisa kichwa kukubali. Lakini Kikuri naye alikuwa mtoto wa kujificha, na dawa yake dhidi ya wasiwasi ni pombe, asubuhi na jioni. Anime inatuchekesha kwa ulevi huo tangu anapotokea. Sijui nifanye nini na kicheko changu hapo.

Kuna swali jingine gumu zaidi. Hitori ana kipaji. Anaokotwa bustanini kwa sababu ana gitaa mkononi na bendi imekimbiwa na mpiga gitaa wake. Asiye na gitaa nani atamwita?

Tomoko Kuroki wa WataMote, anime ya 2013, hana gitaa wala kipaji. Aliingia sekondari akiamini michezo ya kompyuta ya mapenzi imemfunza vya kutosha. Miezi miwili imepita na hakuna anayezungumza naye. Hapa tunamtazama anapoanguka, na kicheko kinauma hadi wengine huzima runinga. Ni ukweli, ila ni ukweli usio na mlango wa kutokea. Anime iliishia huko. Manga yake, kazi ya waandishi wawili wanaotumia jina Nico Tanigawa, iliendelea: baada ya safari ya shule ya mwaka wa pili, Tomoko anaanza kupata marafiki, mmoja mmoja, bila kipaji chochote na bila kuacha kuwa mwenye kuudhi. Ukimaliza Bocchi, usiishie hapo. Itafute manga hiyo, uvumilie majuzuu yake ya mwanzo.