Gari Lipi Lafaa Kuvutwa?

Nchini Marekani, wasafiri wenye magari makubwa ya malazi huvuta gari dogo nyuma yao. Huko Nkoaranga, kivutwacho ni gari bovu linaloteremshwa Usa River. Kanuni ni zile zile.

Kwanza ni uzito. Kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 za barabara, gari la kilo 1,000 lililofungwa kwa chuma husukuma lililo mbele kwa kani ya karibu niutoni 1,000, ukiondoa msuguano. Breki za mbele sharti zimudu magari mawili.

Lakini wepesi pekee hautoshi. Magurudumu yaburutwapo ardhini, baadhi ya vyuma vya giaboksi huzunguka hata injini ikiwa imezimwa. Katika magari mengi ya gia za kubadilisha kwa mkono, yakiwa hayajatiwa gia, vyuma hivyo huchota oili na kujilainisha. Katika mengi ya gia za otomatiki, oili husukumwa na pampu izungushwayo na injini. Injini ikizimwa, vyuma husuguana vikavu, hupata moto na kuharibika. Hivyo, mvuto wa kilomita chache waweza kuigharimu giaboksi nzima.

Gari la namna hiyo linyanyuliwe magurudumu yanayoendeshwa na injini, au lipakiwe juu ya tela. Maelekezo ya mtengenezaji yasomwe kabla ya safari.