Kufa na kuzikana tunaweza, kuugua na kutibiana je?

Si rahisi kupata mtaa wa Kihonda usio na chama cha kufa na kuzikana. Kuna mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Kila kaya hutoa kiasi kilichokubaliwa, na msiba ukitokea, turubai, viti, masufuria na fedha ya jeneza havitafutwi usiku. Asiyetoa anajulikana, naye anajua kwamba zamu yake ikifika atakuwa peke yake.

Hiyo ni bima, hata kama hatuiiti hivyo. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo wakiwa salama, ili atakayepatwa asizame. Lakini katika mtaa huohuo, mtoto akilazwa ghafla na kutakiwa vipimo na dawa, baba huanza kupiga simu ya ndugu mmoja mmoja, na mama huuza kuku au kukopa kwenye kikoba. Mazishi tumeyawekea mfuko, ugonjwa tumeuachia bahati.

Wazazi wengi wakiulizwa kwa nini hawana bima ya afya hujibu kwamba mambo yake hayaeleweki: leo kadi inapokelewa, kesho inakataliwa, mwaka huu kuna kifurushi cha watoto, mwaka ujao hakipo. Wana haki ya kulalamika. Lakini ukifuatilia historia yake utaona kwamba karibu migogoro yote hiyo ina mzizi mmoja, na mzazi akiuelewa atajua namna ya kujipanga.

Ilikoanzia

Bima ya ugonjwa ya lazima kwa wafanyakazi ilianza Ujerumani mwaka 1883. Kansela Otto von Bismarck hakuianzisha kwa huruma tupu. Viwanda vilikuwa vimejaa wafanyakazi wenye hasira, vyama vya kisoshalisti vilikuwa vinapata nguvu, naye alitaka wafanyakazi waone kuwa serikali inawajali. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja. Akiugua, alitibiwa na kupata sehemu ya mshahara wake.

Miaka miwili baadaye, 1885, Ujerumani ilitangaza himaya yake kwenye maeneo ya kwetu, ikiwemo Ukami, yaani nchi ya Morogoro na viunga vyake. Utawala ulikuja, kodi ikaja, bima haikuja. Mwenyeji aliyefanya kazi shambani au relini hakuwa na mfuko wa kumtibu.

Baada ya Uhuru tulichagua njia nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka huduma za jamii mikononi mwa umma, na matibabu katika vituo vya serikali yakawa bure. Mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku. Wazee wetu wanaukumbuka wakati ule: hukuulizwa fedha dirishani. Lakini "bure" nayo ilikuwa na mlipaji, yaani hazina ya serikali. Uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, vituo vilibaki wazi huku makabati ya dawa yakiwa matupu. Mwaka 1991 sheria iliruhusu tena hospitali binafsi, na mwaka 1993 serikali ikaanzisha utaratibu wa kuchangia gharama.

Hapo ndipo maskini alipokwama. Ugonjwa haungoji mavuno, wala hauulizi kama mshahara umetoka.

Mwaka 1996 Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ilichaguliwa kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, maarufu kama CHF. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, kisha ikatibiwa bila kutoa fedha kila inapougua. Serikali nayo iliongeza fedha kulingana na kilichokusanywa, utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kazi kwa watumishi wa umma: asilimia 3 kutoka kwenye mshahara wa mtumishi, asilimia 3 kutoka kwa mwajiri.

Hesabu ya nyumba mia moja

Sasa tuje kwenye mzizi wa ugomvi. Tuchukue mfano wa mtaa wenye kaya 100. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza kusambazwa mikoani mwaka 2018, iliweka mchango wa Sh30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 kwa mwaka. Kaya zote 100 zikijiunga, mfuko una Sh3,000,000. Tuseme katika mwaka huo kaya 10 zinapata ugonjwa mzito, kila moja ikihitaji matibabu ya Sh200,000. Jumla ni Sh2,000,000. Mfuko unalipa na unabaki na akiba ya kutibu homa na kuhara kwa wengine.

Lakini tuseme kaya 90 zinasema, "Sisi hatuumwi, tutajiunga tukiumwa." Wanaojiunga ni wale 10 tu ambao tayari wana mgonjwa ndani. Mfuko unakusanya Sh300,000 na kudaiwa Sh2,000,000. Hauwezi kupona. Utafunga mlango, utapandisha mchango au utapunguza mafao. Hakuna njia ya nne, isipokuwa serikali ijazie kwa kodi.

Hesabu hii ndogo ndiyo iliyo nyuma ya habari kubwa ulizosoma.

Chukua Toto Afya Kadi. Kwa Sh50,400 kwa mwaka, mtoto wa chini ya miaka 18 alitibiwa hata kama mzazi wake hakuwa mtumishi. Kwa mama lishe wa Msamvu au dereva wa bodaboda ilikuwa neema. Machi 2023 NHIF ilisitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule. Maelezo yake yalikuwa kwamba wengi walioletwa walikuwa tayari wanaumwa, na malipo ya matibabu yalizidi mno michango. Baadaye kadi hiyo ilirudishwa kwa utaratibu uliorekebishwa.

Wapo waliowalaumu wazazi kwamba waliutumia vibaya mfuko. Lawama hiyo si ya haki. Mama mwenye mtoto wa selimundu, anayehitaji kliniki, dawa na wakati mwingine kuongezewa damu miaka nenda rudi, hakufanya kosa kumkatia mtoto wake kadi. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo. Kosa lilikuwa kwamba wazazi wenye watoto wazima hawakuwa wamejiunga naye. Mtoto mgonjwa hawezi kubebwa na watoto wagonjwa wenzake. Hubebwa na wazima.

Kisha ukaja mgogoro wa Machi 2024. NHIF ilianza kutumia orodha mpya ya bei za huduma na dawa. Wamiliki wa hospitali binafsi walisema baadhi ya bei hazifikii gharama halisi, na hospitali kadhaa, zikiwemo kubwa za Dar es Salaam, zikasitisha kuwahudumia wanachama. Mfuko ulisema lazima ujilinde ili uwe endelevu. Kila upande ulikuwa na hesabu zake, lakini aliyesimama dirishani na kadi isiyopokelewa alikuwa mgonjwa ambaye mshahara wake ulikatwa kila mwezi. Mfuko ukiwa na wanachama wachache wanaougua sana, hubana bei. Bei ikibanwa kupita kiasi, hospitali hufunga dirisha.

Majirani nao wanapita njia hiyohiyo. Kenya ilianzisha mfuko wake wa hospitali mwaka 1966, na Oktoba 2024 ikaubadilisha kwa mamlaka mpya inayomtaka mwenye mshahara achangie asilimia 2.75, jambo lililoleta ubishi mkubwa. Rwanda, kwa kuwaingiza watu karibu wote kwenye bima ya jamii na serikali kuwalipia walio maskini kabisa, imefika mbali kuliko sisi.

Kwetu, muswada wa bima ya afya kwa wote ulisomwa bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Ulizua mjadala, hasa pendekezo la kuifungamanisha bima na huduma nyingine kama leseni ya udereva. Sheria ilipitishwa Novemba 2023. Neno "kwa wote" si pambo. Ndilo jibu la hesabu ya nyumba mia moja. Lakini nalo lina sharti: anayelazimishwa kuchangia lazima akifika kituoni akute dawa. Chama cha kufa na kuzikana kikikusanya michango halafu siku ya msiba kisilete jeneza, hakuna atakayetoa tena.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, jiunge mkiwa wazima. Vifurushi vingi vina muda wa kungoja kabla ya baadhi ya huduma, hasa upasuaji na uzazi. Anayekwenda kuandikishwa siku mtoto amezidiwa mara nyingi huambiwa asubiri.

Pili, kabla ya kulipa, uliza maswali manne: Kadi hii inapokelewa vituo gani hapa Morogoro? Inalipia dawa na vipimo gani? Nitangoje muda gani? Nahitaji rufaa kufika hospitali ya mkoa? Viwango na vifurushi hubadilika, kwa hiyo uliza afisa wa mfuko au afisa mwandikishaji wa mtaa wako. Usitegemee alichosema jirani mwaka juzi.

Tatu, andaa cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema. Kama mwajiri wako anakukata mchango wa NHIF, hakikisha mwenza na watoto wameandikishwa kama wategemezi. Wapo wanaokatwa kwa miaka huku mtoto wa mwisho hayumo kwenye orodha.

Nne, anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate barua ya rufaa ukihitajika kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ukiruka ngazi, unaweza kulipa fedha taslimu ilhali una kadi mfukoni.

Tano, usiazimishe kadi. Kumtibu mtoto wa dada yako kwa jina la mwanao ni udanganyifu, tena ni hatari: damu, mzio na dawa zitaandikwa kwenye faili la mtoto mwingine. Siku mwanao akifika hoi, daktari atasoma historia isiyo yake.

Sita, jua haki yako hata kama huna bima. Sera ya afya inatoa msamaha wa matibabu katika vituo vya umma kwa watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Ukiambiwa ulipe, uliza kwa upole ofisi ya ustawi wa jamii ilipo. Ni kweli kwamba dawa zikikosekana msamaha huo hupungua thamani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na kadi.

Saba, na hili halina mjadala: mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, aliyelegea au kupoteza fahamu, apelekwe kituoni saa hiyohiyo. Suala la kadi na fedha litafuata. Watoto hufa kwa sababu mzazi alikaa nyumbani akitafuta nauli na mchango kwanza.

Mwisho, hoja kwa wenyeviti wa vyama vya kufa na kuzikana na vikoba vya Kihonda. Daftari mnalo, mweka hazina mnaye, na watu wanawaamini. Mchango ule wa Sh30,000 wa CHF iliyoboreshwa, ukiugawa kwa miezi 12, ulikuwa Sh2,500 kwa mwezi kwa kaya nzima. Kikao kijacho wekeni ajenda moja ya ziada: kila kaya itoe kidogo kidogo mpaka ifikishe mchango wa bima wa mwaka, na chama kihakikishe hakuna kadi inayokwisha muda bila mwenyewe kujua. Mkifanya hivyo mtaa mzima, wazima na wagonjwa pamoja, mtakuwa mmetimiza sharti ambalo mifuko mikubwa imehangaika nalo tangu Igunga.