Chuo Kikuu Huanzia Kidato cha Pili

Matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, ndipo familia nyingi nchini Tanzania hufungua kwa mara ya kwanza mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Shangazi aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anapigiwa simu, kijana anashinda kwenye kompyuta akilinganisha kozi, na kila mtu anaamini kwamba sasa safari ya chuo imeanza. Kwa hesabu yangu, wakati huo sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika miaka minne iliyopita, tena na mtoto ambaye hakuambiwa kwamba alikuwa anaamua.

Sharti la chini la kuingia chuo kikuu kutoka Kidato cha Sita halitishi: kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinatosha. Kinachowakwamisha watu ni masharti ya kozi yenyewe. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Uhandisi unataka Hisabati na Fizikia. Masomo hayo husomwa Kidato cha Tano kwa tahasusi, kama PCB au PCM, na tahasusi hutolewa kwa kuangalia C za Kidato cha Nne. Nazo C hizo haziwezi kupatikana katika somo ambalo mwanafunzi hakulifanyia mtihani. Kwa utaratibu uliozoeleka kwa miaka mingi, Fizikia na Kemia ziliweza kuachwa mwanzoni mwa Kidato cha Tatu, baada ya mtihani wa upimaji wa Kidato cha Pili. Hapo ndipo mlango hufungwa. Hata anayesema atapitia stashahada hana pa kukwepea, kwa sababu stashahada ya utabibu nayo inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia katika cheti kilekile cha Kidato cha Nne.

Hisabati ina mkasa wake. Hairuhusiwi kuachwa, ila inaweza kutelekezwa huku mwanafunzi yupo darasani, daftari limefunguliwa. Katika miaka ya karibuni watahiniwa wengi wa Kidato cha Nne wamekuwa wakiifeli, na shule nyingi zimeshalizoea jambo hilo kama zilivyozoea vumbi la Agosti. Mwanafunzi anajipanga kwenda tahasusi zisizo na Hisabati, kama HKL au HGL, anaona namba hazimhusu tena. Kisha anafika kwenye kozi za biashara, uchumi au kompyuta na kukuta vyuo vinamuuliza alipata nini katika Hisabati Kidato cha Nne. F ile iliyochekewa bwenini inamsubiri pale.

Kuna wanaosema mtoto wa miaka 14 au 15 hawezi kujua anataka kuwa nani, na kumlazimisha achague ni kumwonea. Nakubaliana nao nusu. Hakuna haja ya kumwuliza atakuwa daktari au mwanasheria. Anahitaji kuelezwa kila somo analoliacha linamwondolea kozi zipi, jambo ambalo mtoto wa umri huo analielewa vizuri akiambiwa kwa lugha ya kawaida. Na kusubiri akue si chaguo tena, kwa kuwa mtaala ulioanza Kidato cha Kwanza mwaka 2024 una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na tahasusi zimeongezwa hadi 65. Machaguo yameongezeka na muda wa kuchagua sasa unafika mapema zaidi.

Hoja nzito zaidi ni ya shule isiyo na mwalimu wa Fizikia. Huko mtoto haachi somo, somo ndilo limemwacha. Ada iliondolewa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne mwaka 2016, na Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022, lakini kufuta ada hakuleti mwalimu wala maabara. Hapa sina jibu la kumpa mzazi peke yake; ni deni la serikali. Ila mzazi anayejua mapema anaweza kudai kwenye bodi ya shule, au kutafuta uhamisho mtoto angali Kidato cha Pili. Njia za mzunguko zipo: stashahada yenye GPA ya 3.0, au programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria. Zimewaokoa wengi, na zinastahili heshima. Lakini zinakula miaka na pesa, na mwenye kipato kidogo ndiye huziona ghali kuliko wote.

Halafu kuna karatasi. Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na yatima anahitaji vyeti vya vifo vya wazazi. Jina la cheti cha kuzaliwa likitofautiana na lile la vyeti vya shule, kijana huanza kuzunguka kutafuta viapo wakati wenzake wanasubiri bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu. Kazi hiyo ingefanyika kwa utulivu Kidato cha Kwanza, kabla jina halijachapwa kwenye cheti cha mtihani.

Mwongozo wa TCU unapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza. Mwalimu wa taaluma akichagua kozi kumi tu, akaandika masharti yake kwa Kiswahili na kuyasoma kwenye kikao cha wazazi wa Kidato cha Pili, kabla ya mtihani wa Novemba, atakuwa ametumia karatasi moja na nusu saa.