Mtoto anasema nyumbani, masomoni ananyamaza: haiko kiburi, ni woga

Siku moja tulikwenda kwenye masomo moja ya msingi hapa Masisi kurekodi kipindi cha watoto. Kila mtoto alipashwa kutaja jina lake na kusema kitu anachopenda. Wote walikuwa wanasukumana ili wafike mbele ya mikro. Kisha ikafika zamu ya msichana mmoja wa miaka kama 7. Nilimsogezea mikro, akanyamaza. Nikamuuliza tena. Aliangalia chini, mabega yakakaza, uso ukabaki kama wa mtu asiyesikia kitu. Wenzake wakaanza kulalamika: "Huyu hasemake! Ni bubu!" Mwalimu wake akasema ni mtoto wa kiburi. Mimi nami nikamlazimisha mara ya tatu, nikifikiri ninamsaidia.

Tulipotoka tulimkuta mama yake akiuza ndizi pembeni ya njia. Alicheka tulipomwelezea. "Huyu? Nyumbani anasemaka mupaka namwambia anyamaze kidogo!"

Siku hiyo sikujua kama nilikuwa nimefanya kosa. Kumbe hali ya mtoto yule ina jina, inajulikana na waganga, tena inaweza kupona ikiwa sisi wakubwa tunaacha kuikoroga.

Hali hii ni nini?

Waganga wanaiita kwa Kifaransa mutisimu selektifu. Ni mtoto anayesema vizuri katika fasi fulani, kwa mfano nyumbani na mama, baba na ndugu zake, lakini hawezi kabisa kusema katika fasi zingine: masomoni, kanisani, sokoni, ao mbele ya wageni. Ulimi wake haukufungwa, masikio yake yanasikia, akili yake iko sawa na ya wengine. Ni woga unaofunga sauti. Mtoto anaweza kuwa na jibu tayari kichwani, lakini koo linakaza kama mtu aliyeona nyoka.

Mganga wa Uswisi Moritz Tramer aliipa hali hii jina mwaka wa 1934, na jina lake lilionyesha kama mtoto mwenyewe ndiye anapenda kunyamaza. Mwaka wa 1994 waganga wa akili wa Marekani walibadilisha jina hilo katika kitabu chao cha magonjwa, na mwaka wa 2013 wakaiweka hali hii katika kundi la magonjwa ya woga. Iliomba miaka mingi ili wataalamu wenyewe wakubali kama mtoto hachagui kunyamaza. Kwa hiyo mzazi wa Nyabiondo ao wa Pinga asijione mjinga kama naye alifikiri ni kiburi.

Mara nyingi inaanza mbele ya miaka 5, lakini wazazi hawaioni, kwa sababu nyumbani mtoto anasema. Inaonekana anapoanza masomo. Haiko ya watoto wengi, ni chini ya mtoto 1 kati ya 100, na inaonekana zaidi kwa wasichana. Ili mganga aseme ndiyo hiyo, inaomba ipite mwezi mmoja ao zaidi, na ule mwezi wa kwanza wa masomo hauhesabiwe, juu watoto wengi wanaona haya wakati huo.

Usichanganye na vitu vingine

Hapa kwetu kuko sababu zingine zinazoweza kunyamazisha mtoto, na kila moja inaomba msaada wake.

Ya kwanza ni luga. Mtoto wa Masisi anaweza kukua na Kihunde ao Kinyarwanda nyumbani. Wa Walikale anakua na Kinyanga, Kikumu ao Kitembo. Akifika masomoni anakuta Kiswahili na Kifaransa. Kama familia imekimbia vita na kufika Goma, hata watoto wa jirani hawaelewi. Mtoto anayejifunza luga mpya anaweza kunyamaza miezi kadhaa akisikiliza tu, na hiyo ni kawaida. Namna ya kutofautisha: angalia kama anasema luga ya nyumbani pamoja na jirani ao mtoto mwingine anayeijua. Kama anasema, mpe wakati. Kama ananyamaza hata kwa luga yake mwenyewe kila anapotoka nyumbani, hapo fikiria woga.

Ya pili ni masikio na magonjwa. Mtoto asiyesikia vizuri anachelewa kusema. Malaria kali iliyopanda kichwani, ao ugonjwa wa meningiti, vinaweza kuacha mtoto bila kusikia ao bila kusema vizuri. Huyo anakuwa na shida hata nyumbani. Mpeleke kwenye kituo cha afya.

Ya tatu ni vita na mabaya mengine. Mapigano yalifika Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025 na Walikale-centre mwezi wa tatu mwaka huohuo. Watoto wengi waliona vitu ambavyo hata mkubwa hawezi kuvisahau. Mtoto aliyekuwa anasema na watu wote, kisha akanyamaza gafula, hata na mama yake, haiko hali ileile. Vilevile mtoto anayenyamaza na kutetemeka mbele ya mtu mmoja tu: jiulize huyo mtu alimfanya nini. Usimkemee, usimhoji mbele ya watu. Tafuta msaada upesi. Kama kuna mashaka ya kubakwa, mfikishe hospitali mbele ya masaa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinaomba kuanza ndani ya wakati huo. Na kama masaa hayo yamepita, mpeleke vilevile.

Kuko mwanamke mmoja wa Marekani, Maya Angelou, aliyenyamaza karibu miaka 5 akiwa mtoto, kisha mtu mzima kumtendea ubaya wa kingono. Alibaki anasema na kaka yake tu. Hakuna aliyemfungua kwa fimbo. Mama mmoja wa kijiji chao, Bertha Flowers, alikuwa akimpa vitabu na kumwonyesha utamu wa maneno yakisomwa kwa sauti, mpaka mtoto akaanza kusoma mashairi. Mwaka wa 1993 mwanamke huyo alisoma shairi lake mbele ya taifa lote la Marekani, siku Rais Bill Clinton alipoapishwa.

Makosa yetu ya kila siku

Kosa la kwanza ni fimbo na haya. Mwalimu anamsimamisha mtoto mbele ya darasa mpaka aseme. Wenzake wanacheka. Kesho woga unakuwa mara mbili, na mtoto anaanza kulia tumbo kila asubui ili asiende masomo.

Kosa la pili ni kumwita majina: bubu, jeuri, mchawi. Wengine wanamfungia katika chumba cha maombi bila chakula, ao wanataka kumkata kamba iliyo chini ya ulimi. Kuombea mtoto haiko kosa. Kumfungia, kumnyima chakula na kumkata ni kumwumiza bure, kwa kuwa ulimi unaosema nyumbani hauna ugonjwa.

Kosa la tatu linafanywa na wazazi wenye roho nzuri. Ni kujibu kila kitu fasi ya mtoto. Mgeni anauliza "Unaitwa nani?", mama anajibu mbio. Mtoto anapata pumziko, lakini anajifunza pia kama kunyamaza ndiyo njia ya kuokoka.

Nyumbani tufanye nini?

Mwambie mtoto ukweli mkiwa peke yenu: "Najua wakati fulani sauti inakwama. Haiko kosa lako. Hatutakulazimisha. Tutaenda pole pole." Watoto wengi wanafikiri ni wao peke yao katika dunia nzima wana shida hii.

Mkiwa na watu, usimmiminie maswali. Sema tu yale mnayoona: "Oh, chukudu hii imebeba viazi mingi." Acha nafasi. Akijibu, vizuri. Asipojibu, endelea. Ukimuuliza, hesabu moyoni mpaka 5 mbele ya kumsaidia. Kisha mpe swali rahisi la kuchagua: "Unataka ndizi ao embe?" Akionyesha kwa kidole, pokea. Akisema neno moja, usipige vigelegele mbele ya watu. Endelea kama kawaida, umsifu baadaye nyumbani.

Fanya ngazi ndogo ndogo. Sokoni, kwa mfano: wiki ya kwanza anatoa pesa mkononi na kupokea maharagi. Wiki nyingine anakunong'oneza wewe bei, muuzaji akiwa mbali kidogo. Kisha anakuambia kwa sauti, muuzaji akiwa karibu. Kisha anasema neno moja kwa muuzaji: "Moja." Usiruke ngazi. Akishindwa, rudi kwenye ile aliyoiweza.

Na masomoni?

Njia inayosaidia sana haiombi feza. Mama, baba, ao yaya wa mtoto anakuja masomoni kisha wanafunzi kutoka. Wanaingia wawili katika darasa tupu na kucheza mchezo wa kuhesabu mawe ao kutaja siku za juma. Mtoto anasema, kwa sababu yuko na mtu wake. Siku nyingine mwalimu anapita mlangoni bila kuwaangalia. Siku nyingine anakaa nyuma akisahihisha madaftari. Pole pole anasogea, anaingia katika mchezo, naye anahesabu. Kisha mzazi anajitenga kidogo kidogo mpaka anatoka. Baadaye anaongezwa rafiki mmoja wa benchi, kisha wawili. Mara tatu kwa juma, dakika 10 ao 15, inashinda saa nzima mara moja kwa mwezi.

Walimu watasema darasa limejaa, watajaza wapi dakika hizo? Ni kweli. Lakini kuko vitu visivyokula wakati. Wakati wa kuita majina, acha mtoto anyooshe mkono. Usomaji, afanye na mwenzake mmoja ao katika kundi linalosoma pamoja. Mtihani wa mdomo, aufanye kwa kuandika ao kuonyesha, ili asirudie darasa wakati anajua mambo. Na choo: mpe kijiti cha kuonyesha anapotaka kutoka. Mtoto asiyeweza kuomba ruhusa anajizuia siku nzima, anajikojolea, na watoto hawamsahaulishe.

Kijana wa miaka 14 ao 16

Kwa vijana inachukua wakati mrefu zaidi, juu miaka imepita na kila mtu amezoea kama "huyu hasemake". Hapo usipange ngazi bila yeye. Muulize, hata kwa kuandika, ni fasi gani rahisi ya kuanzia. Kama kuko telefone, anaweza kurekodi sauti yake nyumbani, akubali mwalimu ao rafiki aisikilize. Kisha arekodi huyo mtu akiwa nje ya nyumba. Kisha asome mistari miwili mbele yake.

Angalia pia kama kijana anajitenga, hali vizuri, halali ao anasema hana faida ya kuishi. Hiyo haingojei. Mpeleke kwa muganga.

Vita inaporudi

Familia ikikimbia tena, mtoto aliyekuwa ameanza kusema anaweza kurudi nyuma. Usione kama kazi yote imepotea. Anza tena na mtu mmoja, mchezo mmoja, saa ileile kila siku.

Kuko hatari moja ambayo wazazi wengi hawaifikirie. Mtoto huyu akipotea njiani, hataweza kumtajia mtu jina lake. Andika kwenye karatasi jina lake, jina la mzazi na namba ya telefone, uishonee ndani ya nguo. Usiandike kabila. Mfundishe kuionyesha kwa mtu wa Msalaba Mwekundu, kwa sababu wao wana kazi ya kutafuta familia za watoto waliopotezana nazo.

Nani anaweza kusaidia?

Anza na muganga wa kituo cha afya ao reko wa kijiji chako, umwambie wazi: "Nyumbani anasema, inje hasemi." Kama unaweza, mrekodi mtoto akiongea nyumbani, huku anajua, muganga asikie mwenyewe. Uliza kama kuko mshauri wa kisaikolojia katika hospitali kubwa ya eneo. Goma kuko kituo cha Tulizo Letu, cha Mabruda wa Upendo, kinachoshugulikia magonjwa ya akili. Kwa mtoto mdogo dawa haiko ya kwanza. Usimnunulie vidonge vya kutuliza kwenye farmasi kwa sababu jirani amesema.

Mimi nilirudi kwa yule mama wa ndizi, bila mikro. Nilimwomba radhi mtoto, nikakaa kando, tukaongea na mama mambo ya bei. Msichana alikuwa anapanga ndizi, hakunijibu kitu, nami sikumuuliza. Nilipoanza kuondoka alimnong'oneza mama yake, na mama akaniambia: "Anasema umesahau chenji yako."