Rubisi

Rubisi (kwa Kihaya: olubisi) ni pombe ya asili ya Wahaya, wenyeji wa wilaya za Bukoba, Muleba na Missenyi katika mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Hutengenezwa kwa maji ya ndizi mbivu yaliyochachushwa kwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Haipikwi motoni katika hatua yoyote, na kwa hilo hutofautiana na mbege ya Wachagga wa Kilimanjaro, ambayo ndizi zake huchemshwa kwanza, kisha huchanganywa na ulezi. Ndugu zake wa karibu ni tonto ya Uganda na urwagwa ya Rwanda na Burundi.

Kwa Kiswahili jina huandikwa rubisi au lubisi. Sauti za r na l hukaribiana sana katika Kihaya, na maandishi yote mawili ni sahihi.

Ndizi za pombe

Si kila ndizi hutoa rubisi. Migomba mingi ya Bukoba na Muleba ni ya kundi la nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ndani ya kundi hilo Wahaya hutenga ndizi za kupika na ndizi za pombe, ambazo huitwa embile. Kwa macho ya mgeni mikungu hiyo inafanana. Tofauti iko ndani: nyama ya embile ina utomvu wa kahawia wenye tanini nyingi, nayo huwa chungu inapopikwa. Anayezipika kwa kukosea hugundua kosa lake mezani. Uchungu huo huo hausumbui katika pombe, bali huipa ladha yake ya ukali.

Baadaye ziliingia aina nyingine zenye sukari nyingi, kama kisubi na ile inayojulikana nchini Uganda kwa jina la kayinja. Hizi hustahimili udongo uliochoka na hazidai matunzo mengi, kwa hiyo watu wengi huzipanda pembezoni mwa kibanja, mbali na nyumba. Mahali hapo pa pembeni pana maana yake katika habari ya ugonjwa iliyo mwishoni mwa makala hii.

Kibanja ni shamba la familia linalozunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni, maharage na miti ya matunda huchanganyika. Nje ya vibanja kuna rweya, yaani mbuga ya nyasi yenye udongo hafifu. Rubisi hukutanisha sehemu hizo mbili: ndizi hutoka kibanjani, nyasi za kukamulia hutoka rweya.

Utengenezaji

Kazi huanza kwa kuivisha. Mikungu iliyokomaa ikiwa bado mibichi hupangwa darini juu ya jiko, au hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, kisha hufunikwa. Joto na moshi huharakisha kuiva. Ndani ya moshi imo gesi ya ethilini, ambayo ndizi zenyewe pia huitoa zinapoiva, ndiyo maana ndizi moja mbivu huwaambukiza wenzake. Kwa kawaida siku 4 hadi 6 hutosha, kutegemea hali ya hewa.

Katika siku hizo wanga wa ndizi hugeuka sukari. Hapa ndipo fundi hutofautiana na mwanagenzi. Ndizi ambayo haijaiva sawasawa bado ina wanga, na hata ikikanyagwa kutwa haitoi maji. Ikipitiliza hulegea na kuwa uji, na maji hayataki kuachana na nyama. Fundi huchagua siku kwa kutazama ganda na kwa kumenya moja au mbili: ganda liwe la manjano na litoke kwa urahisi, nyama iwe laini lakini bado imeshikana.

Ndizi zilizomenywa hutiwa katika chombo kirefu kilichochongwa kutoka gogo moja. Chombo hicho huitwa obwato, neno lile lile la mtumbwi wa ziwani, na umbo lake ni hilo hilo. Juu yake huwekwa nyasi ndefu, na wanaume walionawa miguu huingia na kukanyaga. Kimila hii ni kazi ya wanaume. Mwanzoni kinachoonekana ni tope tu la ndizi na nyasi. Baada ya muda hutokea badiliko la ghafla: maji matamu, meupe kidogo, huanza kujitenga na kukusanyika chini. Nyasi hufanya kazi mbili. Hukwaruza na kupasua nyama ya ndizi, halafu huwa chujio linaloshika makapi. Wanafunzi wa kemia wanaweza kulijaribu jambo hili nyumbani kwa ndizi chache na bakuli: kusaga kwa mashine hutoa uji mzito, kukanda kwa nyasi safi hutoa maji.

Maji ya kwanza hukingwa yakiwa halisi. Makapi huongezewa maji ya kawaida na kukanyagwa tena, na mara nyingi mikamuo hiyo huchanganywa. Ukali wa rubisi hutegemea sana kiasi cha maji yaliyoongezwa hapa, na ndiyo sababu hakuna kipimo kimoja cha kilevi kinachoweza kutajwa kwa rubisi yote.

Juisi hii, kabla ya kuchachuka, hunywewa na watoto na wasiotumia kilevi.

Kisha huja mtama. Hukaangwa, husagwa na kutiwa katika juisi ndani ya obwato, halafu chombo hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa mahali penye joto. Hamira za asili zilizoko kwenye ndizi, kwenye nafaka na kwenye mbao za chombo chenyewe hula sukari na kutoa ethanoli na gesi ya dioksidi kabonia. Mtama nao huongeza rangi na harufu ya kukaangwa. Sauti ya mapovu husikika chini ya majani. Baada ya siku moja au zaidi kidogo pombe huchujwa na kutiwa katika vibuyu, au siku hizi katika madumu ya plastiki.

Rubisi haihifadhiki. Uchachu hauishi pale mnywaji anapoupenda: bakteria wa siki huendelea kugeuza kilevi kuwa asidi, na ndani ya siku chache pombe huwa kali isiyonyweka. Mtu mmoja hawezi kumaliza obwato mzima, wala hawezi kuuweka. Desturi nyingi za ugawaji zilizotajwa hapa chini hueleweka vizuri zaidi jambo hilo likikumbukwa.

Kwa kuwa hakuna hatua ya kuchemsha, usafi wa maji yanayoongezwa ni jambo kubwa. Kilevi cha rubisi ni kidogo mno kuweza kuua vimelea vya kipindupindu au homa ya matumbo. Maji ya kukanyagia yachemshwe na kupozwa, na nyasi zisikatwe karibu na vyoo au malisho.

Katika jamii

Mgeni katika nyumba ya Mhaya hupewa kwanza punje za kahawa za kutafuna. Rubisi hufuata ikiwapo. Katika posa na harusi vibuyu vya rubisi huwa sehemu ya vitu vinavyopelekwa kwa wazazi wa binti, na katika matanga hunywewa na waombolezaji. Zamani za tawala za kifalme, kama Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro (eneo ambalo sehemu yake kubwa leo ni wilaya ya Muleba), aliyetengeneza pombe alipaswa kutoa sehemu kwa mtawala. Sehemu nyingine ilitengwa kwa ajili ya mizimu ya ukoo. Mwanaanthropolojia Robert G. Carlson alieleza uhusiano huu wa pombe, kupeana na wahenga katika makala aliyochapisha mwaka 1990 kwenye jarida la Ethnology. Sehemu ya mizimu imepungua sana kwa kuenea kwa Ukristo na Uislamu. Sehemu ya posa ingali imara, ingawa familia nyingi sasa huleta soda na bia za kiwandani badala yake.

Enkonyagi

Rubisi ikikenekwa, yaani ikichemshwa na mvuke wake kupozwa, hupatikana pombe kali iitwayo enkonyagi. Jina limetokana na pombe ya Kifaransa ya konyaki. Isichanganywe na Konyagi ya chupa inayotengenezwa kiwandani Dar es Salaam. Mahali pengine nchini pombe za kienyeji za namna hii huitwa gongo au moshi, na Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inakataza kuzitengeneza bila leseni.

Ndizi zina pektini, ambayo huzaa kiasi kidogo cha methanoli wakati wa kuchachuka. Methanoli huchemka kwenye nyuzijoto 65 hivi, ethanoli kwenye 78, kwa hiyo matone ya kwanza hubeba nyingi zaidi. Watengenezaji wengine humwaga matone hayo. Hatari hupungua, haiishi. Hata hivyo vifo vya makundi mara nyingi husababishwa na methanoli ya viwandani inayoongezwa na wafanyabiashara ili pombe ionekane kali, kama ilivyotokea kwa waragi wilayani Kabale, Uganda, mwaka 2010. Dalili ni maumivu ya tumbo na macho kuona ukungu, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, kwa maana upofu hufuata upesi.

Mnyauko wa migomba

Tishio kubwa kwa rubisi leo ni mnyauko bakteria wa migomba, unaoletwa na kimelea Xanthomonas. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulikuwa umeripotiwa Kagera. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na zikikatwa nyama yake ni ya kahawia. Shina likikatwa hutoa usaha wa rangi ya manjano. Ndizi hizo hazifai kuliwa wala kukamuliwa.

Wadudu huchukua bakteria kutoka ua moja la kiume hadi jingine. Katika kayinja vikonyo vya maua na majani yake madogo huanguka na kuacha makovu mabichi, na huko ndiko bakteria hupenyea kwa urahisi. Na kwa kuwa migomba hiyo iko pembeni, mwenyewe huweza kupita miezi bila kuitembelea. Siku anapokwenda kukata mkungu wa pombe, panga lake hurudi na ugonjwa hadi kwenye migomba ya chakula iliyo karibu na nyumba. Ndizi na majani yanayosafirishwa kutoka kijiji hadi kijiji kwa ajili ya pombe hufanya vivyo hivyo.

Hakuna dawa. Wataalamu, wakiwemo wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku kilichoko wilaya ya Bukoba, hushauri ua la kiume liondolewe mara tu chane ya mwisho inapotokea, kwa mti wenye panda na si kwa kisu. Ua huzungushwa kwenye panda hadi livunjike. Panga lipitishwe motoni au kwenye dawa ya klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine, shina lililougua likatwe chini kabisa, na mbuzi wasifungwe kibanjani wakati ugonjwa upo.